Mshika Saa

Barafu tuliyoijua sisi ni ya magunia,
iliyofukiwa kwenye unga wa mbao,
ikishushwa Kariakoo alfajiri mabegani mwa watu,
ikivunjwa kwa msumari, ikilia maji njia nzima.
Kwamba iko nchi watu huikimbilia juu yake
tulijulishwa na karatasi ya njugu.
Mwalami alimaliza njugu, akaikunjua,
akamkuta mzungu kainama kama atafutaye shilingi,
mkono mmoja mgongoni,
mwingine unakata hewa.
"Huyu," akasema, "mkono ule kaupumzisha."
Akalamba chumvi iliyobaki,
karatasi akaitia mfukoni.

Alikuwa karakana ya reli, Gerezani,
msaidizi wa fundi chuma.
Beringi zilizotupwa alizichagua moja moja,
akizitikisa sikioni kama mtu anunuaye nazi.
Viatu ni vya marehemu baba yake, vya askari,
vimemzidi namba mbili;
akavijaza kanga kuukuu ya mama.
Magurudumu manane, grisi ya kuomba.
Wiki ya kwanza alianguka mpaka watoto wa Mtaa wa Kongo
wakamwita Gunia.

Mimi niliitwa kwa ajili ya saa.
Karani wa mizigo, nina saa ya kubonyeza,
kioo kimepasuka, roho nzima.
Jumapili, lami ya Barabara ya Pugu ingali baridi,
nilisimama Chang'ombe nikimsikia kabla sijamwona:
krrrr, kama cherehani inayoshona barabara.
Akipita, upepo wake ulinuka grisi na jasho.
Nasoma namba. Haulizi.
Anageuka, anarudi alikotoka.

Alishinda Tanga, akapewa mbuzi.
Alishinda Morogoro, akapewa mkono.
Kisha ikaja barua kutoka Nairobi:
atakayezunguka Mnazi Mmoja mara tatu
chini ya dakika tisa, nauli juu yao.

Mwaka sitini na nane, mwezi wa saba.
Firozi wa Upanga na viatu vya kwenye boksi,
Hansa, binti wa fundi saa, na suruali ya kaka yake,
wengine sita, na mbwa mmoja asiyeandikishwa.
Mzunguko wa pili Firozi akaonja lami.
Hansa alikaa nyuma ya Mwalami kama deni.
Kona ya mwisho, Mwalami akaurudisha mkono mgongoni,
taratibu, kama mtu anayeficha zawadi,
akainama,
na mimi, mshika saa,
mwenye kazi moja tu duniani siku ile,
nikamtazama.

Nikamtazama mpaka akapita chaki.
Mpaka watu wakapiga kelele.
Kidole kilikuwa pale pale, juu ya kitufe, kimelala.

Nilipobonyeza, ilisema tisa na mbili.
Nikaandika tisa na mbili. Wino haukutetemeka.
Hakuna aliyekwenda Nairobi.
Mwalami alipokea taa ya karabai, akaniambia, "Tutarudia,"
na mwezi wa kumi goti likavunjika
kwenye reli, kazini, si mchezoni.

Miaka imekwenda, na hesabu yake siiamini;
mimi na hesabu za muda tulishakosana.
Yuko Keko, anatengeneza magurudumu ya mikokoteni.
Juzi nilimpelekea ile saa. Nilikuwa na maneno,
nimeyapanga tangu kituo cha basi.
Akaichukua, akaitikisa sikioni,
akasikiliza muda mrefu kuliko inavyohitaji saa.
"Hii haikuwa na ubovu," akasema.
Akanirudishia, akakifunga kidole gumba changu juu yake
kama mtu amfungiaye mtoto hela ya dukani.

Hapo vijana wawili wakapita na magurudumu ya plastiki,
wamening'inia nyuma ya lori la saruji,
wanacheka, mikono imetapakaa hewani.
Mwalami akasimama kwa goti lake bovu,
spana mkononi, akapayuka:
"We! Wa kushoto! Mkono huo upumzishe!"
Lori lilikuwa limeshakata kona.